Swali Neema Aliuliza Akinunua Makala

Ninyi wasichana munaotaka kuanza kuuza makala, na ninyi wavulana munaotumwa kuinunua munarudi nyumbani na vumbi, mukae chini musome hii yote mupaka mwisho. Mutu asisome juu juu kisha aende kusema Koko, mimi bibi yenu, amesema hivi na vile.

Nimeuza makala hapa Bunia tangu meno yangu yote yalikuwa kinywani. Sasa nimeacha. Meza nimeachia Anne-Marie, muke wa mutoto wangu. Mikono yangu imeanza kurudia rangi yake, na kanisani watu wananipa mukono bila kujipanguza kwa siri kwenye suruali. Usiku nalala. Moyo umetulia. Na musifikiri umetulia juu ya kupumzika tu. Umetulia juu ya kesi moja, ya kijana aliyekufa ndani ya nyumba yake karibu na kwetu, ambayo mupaka leo hakuna mutu anajua ilikuwa namna gani. Mimi namushukuru Mungu kwamba ile siku sikujifanya najua.

Nitafika pale. Kwanza makala, sababu bila makala hamutaelewa kitu.

Makala nzuri inalia. Ukigonga kipande kwa kipande, isikike kama chupa. Ikitoa sauti ya ubao, haijaiva, ndani yake bado ni muti, na ukiiweka kwenye mbabula, lile jiko letu la bati, itakutoa machozi mbele ya maji kuchemka. Iliyonyeshewa mvua, muuzaji anaianika asubui inakauka juu, lakini ukiishika inakuwa nzito kuliko ukubwa wake. Iache pale. Ya mukaratusi inawaka haraka na kurusha cheche. Iko nzuri kwa chai, ila ukipikia maharagi utaongeza na kuongeza mupaka utamutukana aliyekuuzia. Na ukinunua mufuko muzima, usidanganywe na kichwa chake. Wote wanapanga makubwa pale juu, chini ya majani, yamelala vizuri kama watoto wa internat, shule ya kulala.

Hii nilifundishwa na Mama Kahindo, mwanamuke wa upande wa Butembo aliyekuja hapa na biashara yake na mudomo wake. Mufuko wangu wa kwanza nilinunua kwa dereva wa kamio, lori, aliyetoka njia ya Komanda. Nilikuwa nikiimba. Mama Kahindo akaniambia niumwage wote juu ya bashi, lile turubai, pale pale, mbele ya watu. Nikamuambia, Mama, watu wanaangalia. Akasema waangalie, ni weye umenunua kofia ukafikiri umenunua mutu. Nikamwaga. Juu makala, katikati vumbi, chini udongo, na ndani ya udongo jiwe kubwa ambalo mutu angeweza kulikalia. Na kweli nililikalia. Mama Kahindo alinikataza kulitupa. Kwa miaka lile jiwe lilikuwa kiti changu pale sokoni, na kila dereva aliyeniletea mufuko aliulizwa kama analitambua.

Siku hizi Anne-Marie anapiga mufuko picha, anaituma kwa simu, mutu kule Mudzi-Pela anajibu lete. Ananunua picha! Siye wa zamani tulinunua kwa mukono, kwa sikio, wengine hata kwa ulimi. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani nilibeba mifuko kwa kichwa mupaka shingo ikakataa kugeuka, nikawa nageuka muzima kama mulango mutu akiniita. Pikipiki imenisaidia, simu imenisaidia. Nasema tu kwamba picha haina tumbo.

Kitu kingine nilichoshika toka kwa Mama Kahindo: mutu akinunua, unamuuliza anapika nini. Sombe, majani ya muhogo, inataka moto mulefu. Samaki inataka moto wa haraka. Mwenye kupiga pasi anataka makala kubwa, ngumu, isiyotoa majivu. Na wakati wa mvua, kila aliyenunua nilimuambia neno lile lile: usilale nayo ndani ya nyumba. Niliwaambia wote, hata pasta. Na wote walilala nayo. Baridi ikishuka, nguo zikiwa majimaji, mutu anaingiza mbabula ndani anasema nitaitoa kisha, na ile kisha haifiki.

Sasa tufike kwa Neema.

Neema alikuwa mutoto wa Boga, aliolewa hapa, akapanga na bwana yake vyumba viwili nyuma ya parseli yetu, ule uwanja wa nyumba yetu. Bwana yake aliitwa Bahati, motari, wale wa kubeba watu na pikipiki. Kijana wa kucheka, wa kusalimia wazee. Akikunywa, mukono wake ulikuwa mwepesi juu ya muke wake. Sisemi hii kumuchafua maiti. Kartie nzima, mutaa wote, ilijua. Na kartie nzima ilisikia pia siku moja Neema, ameshika shavu, anamuambia katikati ya uwanja mbele ya nguo zilizoanikwa: “Bahati, siku moja utalala, usiamuke.”

Basi siku moja ya mvua, mvua ya baridi iliyonyesha tangu saa sita bila kukata, Neema alikuja kwenye meza yangu na ndoo. Hakutaka makala nzuri, alitaka bisiki. Bisiki ni vile vipande ambavyo havikuiva vizuri, nilivitenga kando kwa wale walio na mukono mufupi. Nilikuwa najaza ndoo, akaniuliza:

“Koko, hii bisiki mutu akiiacha ndani, akifunga mulango, inazima yenyewe ao inaendelea mupaka asubui?”

Nikamujibu namna nilijibu wote. “Inazima mbele ya asubui. Lakini usilale nayo, Neema. Inaua mutu bila kelele.”

Akasema aksanti Koko, akatia kitenge kichwani, akaenda. Chini ya bashi yetu alikuwa pia Mama Zawadi, anauza tomati, na masikio ya Mama Zawadi hayajawahi kufunga duka.

Asubui yake, kilio.

Bahati alikutwa juu ya kitanda kama mutu anayesinzia. Mbabula ilikuwa chini, karibu na kitanda, imebaki majivu. Dirisha lilikuwa limezibwa na kipande cha kitenge cha Neema. Mulango wa chumba umesukumwa kufungwa, bila kufuli. Juu ya kamba, pale juu ya mbabula, nguo zilikuwa zimeanikwa: jaketi ya Bahati, na uniforme za watoto. Na Neema hakulala mule. Alilala chumba cha mbele pamoja na watoto wake wawili. Alisema mudogo alikuwa na homa.

Sasa ninyi muyaweke haya pamoja namna watu waliyaweka ile siku. Alisema utalala usiamuke. Alinunua makala mbaya, yenye moshi. Aliuliza kama mulango ukifungwa itafika asubui. Koko alimuambia inaua. Dirisha limezibwa na nguo yake. Yeye na watoto walilala mbali. Mbele ya saa nane, hapakuwa na mutu kwenye kilio ambaye hakuwa ametoa hukumu. Mama Zawadi alikuwa amelipitisha swali la Neema toka mukeka hadi mukeka, na kila lilipopita liliongezeka. Likanifikia mimi mwenyewe likisema kwamba Neema aliniuliza ni makala gani inaua haraka. Nikamuambia aliyeniletea, mama, mimi ndiye niliulizwa, na sijaulizwa hiyo.

Mimi nilikuwa nyuma, kwenye vyungu. Makala ya kilio nilileta mimi, na moto nilisimamia mimi. Faustin akanifuata pale. Faustin ni kaka mukubwa wa Bahati, motari pia, ndiye alimulea tangu baba yao alikufa, ndiye alimununulia pikipiki ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakupiga kelele, na hiyo iliniogopesha.

“Koko, ni weye alikuuliza. Njoo useme ile neno mbele ya watu. Ile moja tu, kisha urudie kwa sufuria yako.”

“Na wakiisikia watafanya nini?”

Akaangalia chini. “Mutoto wa mama yangu amekufa, Koko.”

“Najua. Nilimujua mbele apate ndevu.”

Nikapanguza mikono, nikamufuata. Musifikiri nilikuwa na akili tayari. Nilikuwa natembea tu, na nilikuwa nawaza kitu kimoja: huyu kijana haniombi kusema uongo. Neema aliuliza kweli. Nikisema, nitakuwa nimesema kweli, na Mungu wangu atakuwa shahidi. Lakini nilipotoka inje nikaona pikipiki zimepangwa barabara nzima, na vijana wamesimama, na katikati yao pneu ya zamani, mupira wa gurudumu la gari, imelazwa chini, na kijana mumoja ameshika bidon ya petroli. Neema alikuwa ndani, kwenye mukeka, wanawake wamemuzunguka. Wengine wa kumulinda, wengine wa kuhakikisha hatoki. Nikaelewa kwamba neno langu moja la kweli ndilo walikuwa wanangojea kama kiberiti.

Basi nikaikalia ile pneu.

Sikuchagua. Miguu ilichoka, na hapakuwa na kiti. Lakini nilipokaa, nikaona ni pahali pazuri, nikakaa sawasawa, nikapanga kitenge changu juu ya magoti.

Vijana wakaangaliana. Mumoja akaja, akainama na adabu. “Koko, simama kidogo. Ile pneu iko ya siye.”

“Magoti inaniuma. Leteni kiti, nitasimama.”

“Koko, tafazali.”

“Nimesema kiti.”

Hakuna aliyeleta kiti, sababu viti vyote vilikuwa na wazee juu yake. Wakaanza kusukumana nyuma yangu. Mumoja akasema muinue basi. Mwingine akajibu, muinue weye, si koko yako? Yule akasema koko yangu iko Aru, huyu ni wa kwenu. Wote pale waliwahi kunywa uji kwenye chungu changu, na hata mutu aliyelewa anajua kwamba mwanamuke muzee hashikwi chini ya mabega mbele ya kanisa lake lote. Nikamugeukia yule wa bidon, nikamuuliza kama mama yake anajua pahali iko na kile ameshika. Akaificha nyuma ya mugongo. Petroli ilikuwa inanuka kabisa karibu nami, na musione ninavyocheka sasa. Nilishika ukingo wa pneu kwa mikono miwili.

Nikamuita Faustin. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba nitasema kila kitu Neema aliniuliza na kila kitu nilimujibu, hata kama itamufunga, lakini nitakisema kwa OPJ, mutu wa polisi wa kuandika kesi. Na Faustin atakaa karibu yangu, asikie kama nimepunguza. Hapa sisemi. Nikikaa hapa mupaka Pasaka, nitakaa.

Faustin akasema polisi watamuachilia. Nikamuambia labda. Akasema weye unamutetea. Nikamuambia, kama ningemutetea ningesema hajaniuliza kitu, na Mama Zawadi angekuwa muongo, na watu wangeniamini mimi. Alijua ni kweli.

Anne-Marie alikuwa amekwisha kukimbia kumuita chef wa kartie, na chef akaja na polisi. Nilisimama wakati Neema alikuwa amepanda kwenye gari lao, si mbele. Mugongo haukunyoka ile wiki yote.

Sasa OPJ. Ninyi vijana munapenda kusema polisi ni wajinga. Wengine, ndiyo. Huyu alikuwa mwembamba, na mafua, anajipanguza pua kila wakati, na alinifundisha kitu ambacho ningependa mukishike kuliko yote niliyosema juu ya makala. Nilianza kumuambia Neema alikuja, alikuwa na uso kama wa mutu anayeficha kitu. Akaweka kalamu chini.

“Koko, ile uso, uliiona ile siku, ao umeiona leo?”

Nikatafuta jibu. Nikarudia ile mvua, ile ndoo, ile mikono yangu kwenye bisiki. Sikuwa nimeangalia uso wake hata kidogo. Nilikuwa naangalia ndoo. Ule uso niliupata kwenye kilio, toka kwa mudomo wa watu, nikauweka juu ya Neema kama wao. Nikamuambia hivyo. Akasema vizuri, basi tuanze upya, unipe maneno tu.

Nikampa. Swali lake lote na jibu langu lote, hata ile ya kwamba nilimuambia inaua. Faustin alikuwa kando yangu, akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, amesema. Ile jibu yangu ilikuwa nzito kuliko swali lake. Ilimaanisha Neema hawezi kusema hakujua. Niliona mwenyewe, na niliisema. Kisha OPJ akaniuliza ni watu wangapi wengine wananiuliza vile. Nikasema wakati wa mvua, karibu kila mwenye bisiki, sababu hawataki iwake bure. Akaniuliza hao wote nawaambia inaua? Wote. Na wanalala nayo? Wanalala nayo. Akamuangalia Faustin. Faustin akajikuna shingo. Mwishowe akasema hata yeye, kwake, wakati mwingine.

OPJ akatupeleka mupaka kwenye ile nyumba. Kile kitenge cha dirishani, watu walikuwa wanasema ndicho kinamumaliza Neema. Hakukivuta. Alizunguka inje, akatuita. Upande wa inje nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao ya udongo juu ya kile kitenge, imekauka, na watoto wao wamekwisha kuruka. Kilizibwa zamani, juu ya baridi ama juu ya wezi. Faustin alikigusa kwa kidole.

Lakini musifikiri yote yaligeuka upande wa Neema. Jirani aliapa kwamba siku zote Neema alilala na bwana yake mule, hata watoto wakiwa wagonjwa. Mudogo kweli alikuwa anakohoa, mimi mwenyewe nilimusikia; lakini kikohozi cha mutoto kinaweza kuwa sababu, na kinaweza kuwa bahati ya mutu anayetafuta sababu. Nani aliingiza mbabula chumbani? Neema alisema ni Bahati, alirudi majimaji, alitaka jaketi ikauke. Mutoto mukubwa akasema Papa ndiye. Faustin akasema mutoto amefundishwa. Muganga wa hospitali alisema Bahati alikuwa amekunywa sana, na ile hewa ya makala ndiyo ilimumaliza, lakini hewa haisemi ni nani ameileta. Na zile uniforme kwenye kamba? Mama anayeanika uniforme za watoto wake anawaza kesho. Ao anawaza kwamba watu wataona uniforme. OPJ alizunguka na hizo nguo kichwani siku nyingi, naamini.

Kisha akamuuliza Neema, mbele yetu, kama kweli alimuambia bwana yake siku moja utalala usiamuke. Nilitumaini angekana. Hakukana.

“Nilisema. Alikuwa amenipiga, nikasema. Ni nani hapa hajamuambia bwana yake vile?”

OPJ akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ukuta. Marehemu wangu nilimuahidia kifo karibu kila mwisho wa mwezi, kwa kisu, kwa muchi, mara moja kwa mwavuli wa pasta. Alikufa muzee, kitandani, ameshiba maharagi yangu. Kama angekufa katikati ya hizo ahadi, kartie ingekuwa na mashahidi wa kujaza kanisa. Lakini pia, mujue, kuna wanawake waliosema na waliofanya. Maneno ni yale yale. OPJ alisema hapo ndipo kazi yake inamushinda: kujua Neema alijua kwamba makala inaua, hiyo ameipata, kujua kama alitaka, hakuna pahali pa kuchimba.

Neema akapelekwa kwenye parke, ofisi ya waendesha mashtaka, wakamushika muda, wakamusikiliza, wakamuachilia. Hawakusema hana kosa. Walisema hakuna ushahidi wa kutosha, na kesi haijafungwa. Mutu akileta kitu kipya, itafunguliwa.

Mutaniuliza, Koko, weye unawaza nini? Nitawaambia, na musinisumbue tena. Siku nikikumbuka zile uniforme, nasema hapana, si yeye. Siku nikikumbuka kwamba ile siku moja tu ndiyo alilala chumba cha mbele, nasema mm. Nimezunguka vile kwa muda murefu, kisha nikaacha. Haikuwa kazi yangu kujua. Kazi yangu ilikuwa kumwaga mufuko wote mbele ya mutu wa kazi yake, na niliumwaga, jiwe na vumbi na makala. Hapo ndipo raha yangu inatoka. Kama kesho mutu atakuja na ukweli, na ukweli ukiwa mubaya, Neema yuko, ataitwa, atajibu. Na ukiwa mwema, yuko, ataambiwa. Ile pneu ingewaka, ungeenda kumuambia nani?

Faustin hakunisalimia muda wote wa mvua na wa jua pia. Akipita na pikipiki anageuza uso. Nilimuacha ageuze, alizika mudogo wake aliyemulea yeye mwenyewe. Siku moja akasimamisha pikipiki mbele ya meza yangu, akazima moteri, akakaa. Nikamupa chai. Akainywa yote.

“Koko, mimi bado nasema ni yeye.”

“Sema.”

“Lakini nawaza, kama ungesimama pale, ningekuwa nalala namna gani leo? Ningemuangalia nani?” Akageuza kikombe. “Usimuambie mutu nimesema hii.”

Sikumuambia mutu mupaka aliponipa ruhusa, na alinipa kwa kucheka, akisema ninyi mutakaosoma mutamuonea huruma badala ya kumucheka. Alipoondoka ile siku nilikaa pale nikalia kidogo, kisha nikamuuzia mutu makala.

Neema alirudia kartie pamoja na watoto wake. Mama yake wa Boga aliwasindikiza, wakapanga chumba kando ya barabara, karibu kabisa na parseli yetu. Hapo kukaanza kitu ambacho hakuna polisi angeweza kukiandika. Mujue, kwetu asubui si kila mutu anawasha na kiberiti chake. Mwenye kuamuka mbele anawasha, wengine wanatuma kwake na kipande cha bati kuomba kaa la moto, na ndipo munaulizana mumelala namna gani, nani mugonjwa, nani amesafiri. Neema aliamuka mbele ya wote. Mbabula yake ilikuwa inje mulangoni, nyekundu, asubui baada ya asubui, na hakuna mutu aliyeenda kuomba. Walipita na bati zao mbele yake, wakaenda mbali, wakarudi na makala imepoa njiani. Yeye aliwaangalia wakipita. Kisha alianza kuingia ndani wakati wa kupita kwao, akiiacha mbabula pale peke yake.

Niliwaona hata watu wa kwangu wanapita vile.

Jioni, wakati wa kula, nikawaambia watu wa nyumba yangu kwamba nimewaona. Anne-Marie akaweka kijiko. Akasema, na adabu lakini na kicheko mudomoni, “Koko, siye tuko na makala imejaa mupaka chini ya vitanda. Tuko na kiberiti kwenye kila kitenge. Siye ndiyo tuombe moto?” Watoto wakacheka. Mutoto wangu hakucheka. Akaniuliza, “Mama, na kama ni yeye kweli?”

Nikamuambia, kama ni yeye, OPJ iko, parke iko, wanajua nyumba yake. Siye hatukuitwa kuwa parke. Wote wakangojea, sababu wanajua nikipanguza mikono hivi mbele ya kumaliza chakula, neno linakuja.

“Kesho asubui hakuna mutu atawasha kiberiti ndani ya hii parseli. Anne-Marie, ni weye utaenda, usitume mutoto. Chukua bati, uende kwa Neema, umuite kwa jina lake, umuulize amelala namna gani na ungojee akujibu. Kisha umuombe moto. Na ukirudia nao usipite kando ya uzio. Upite katikati ya barabara, pole pole, mupaka wote wakuone.”